Bipu ya Mtoni

Mwanangu Nasra,

Nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako, hata Bi Zuwena wa chini ambaye siku hizi namwambia karibu kila kitu. Siku ile ulipolala katikati ya mtihani wa hesabu, ukaamshwa wakati karatasi zinakusanywa, ukarudi nyumbani na wino shavuni huku unalia kwa kwikwi, mimi nilifurahi. Nilikushika, nikakufuta shavu kwa ncha ya kanga, nikakuambia pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kilichokaa chini, kama mtu aliyesimama siku nzima kisha akapata kiti. Nilisema moyoni: sasa wataona.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikiliweka mwisho nitaliacha. Unanijua. Mimi ni mtu wa kusubiri mpaka mazungumzo yaishe na watu waondoke, ndipo nikumbuke nilichotaka kusema. Karatasi hainitazami usoni, basi nitaweza.

Saa hizi ni baada ya adhuhuri na wewe umelala. Mama yako naye yuko nyumbani, amelala ubavuni mwako, mguu wake mmoja umening'inia nje ya kitanda. Kesho asubuhi shangazi yako Mwanakheri anakuja kukuchukua kwenda naye Makunduchi, na barua hii nitaitia kati ya sare zako mbili za skuli uikute ukifika.

Najua utacheka kuona nimekuita mwanangu. Nimekuzidi miaka minne tu. Lakini mtoto wa dada ni mwanao, ndivyo tulivyolelewa, na wewe mwenyewe neno "mama mdogo" unalikumbuka unapotaka kitu. "Mama mdogo, nipigie pasi ushungi wangu." "Mama mdogo, nambie jibu la swali la sita." Siku nyingine zote ni "we Asya". Leo niache nikitumie cheo changu. Wenzako mama zao wadogo wana waume na watoto. Wako amemaliza skuli juzi, anangoja matokeo, na mpaka leo anaona haya kuagiza mkate wa boflo dukani kukiwa na watu. Ndiye uliyepewa.

Sitakuandikia habari za sabuni na mafuta ya nywele. Mama yako ameshakwambia, na shangazi yako atakwambia tena kwa sauti kubwa zaidi. Nataka kukuandikia habari za usingizi, kwa sababu hilo ndilo nililokufundisha vibaya.

Ijumaa ulisema mambo mawili. La kwanza: "Mnanitupa shamba kwa vile nimewaaibisha." Mama yako alikujibu hapo hapo, nami sina la kuongeza ila kwamba hakuna aliyeaibika. La pili ulilisema baadaye, mgongo umenipa, unakunja nguo: "Na mlango je? Nani atamfungulia mama?" Hilo hakuna aliyekujibu. Nilitoka chumbani. Uliniona nikitoka, na labda ulidhani sikujali.

Nilijali. Naogopa kitu kimoja tu kuhusu safari hii, kwamba utafika Makunduchi, ulale kwenye kitanda kizuri ndani ya nyumba ambayo watu wakishasali isha wanazima taa, na ikifika saa ile ufungue macho na kuanza kungoja simu. Ukifanya hivyo utakuwa umeondoka hapa bure.

Niache niseme habari ya mlango kama vile huijui, maana hata mimi ni juzi tu nimeijua.

Mlango wetu ni wa kale. Kwa nje una misumari ya shaba ambayo wageni wanapiga picha, na kwa ndani una pingo la mti la kukomea. Ufunguo wake ulipotea kabla hatujazaliwa. Pingo likishatiwa baada ya isha, aliye nje hana la kufanya ila kugonga. Sisi tuko juu, ghorofa ya pili. Bi Zuwena mwenye nyumba anakaa chumba cha chini, ubavuni mwa mlango. Mama yako aliwahi kumwomba ruhusa ya kutia kitasa. "Mlango huu kauweka babu yangu," akajibu, "hautotobolewa kwa ajili ya kitasa cha kuuzwa Darajani juu ya ndoo." Tukacheka, tukamwitikia. Ikawa ndiyo kanuni ya nyumba bila ya mtu kuitamka: mwenye mtu wake nje, ashuke mwenyewe.

Na mtu wetu alikuwa nje. Tangu alipoachana na baba yako, mama yako anafanya kazi ya dobi kwenye hoteli ya Nungwi. Anafua na kupiga pasi mashuka ya watu wanaolala mpaka jua lipande. Wiki moja yuko zamu ya asubuhi, wiki ya pili yuko zamu ya jioni, na zamu ya jioni ikimalizika gari ya hoteli inawashusha wafanyakazi kijiji kwa kijiji, yeye akiwa wa mwisho. Siku gari imebeba watu wa Mahonda tu, anafika mapema. Siku imepitia kwa kila mtu, hujui. Ndiyo maana akaweka utaratibu wa bipu: gari ikifika Mtoni, nje kidogo ya mji, anabipu mara moja na kukata, na sisi tunajua kwamba muda si mrefu atakuwa mlangoni.

Mimi ndiye niliyeanza kazi hiyo, nikiwa bado mdogo kuliko ulivyo wewe sasa, na nilijiona mtu mkubwa sana. Ile simu ndogo ya tochi niliiweka chini ya mto, nimeitoa sauti ili isiamshe nyumba, nikawa nalala na mkono juu yake kusubiri itikisike. Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa tabu tupu. Wewe unajua ilivyo. Unashuka, unaondoa pingo, na mama yako anaingia ananukia pasi ya moto. Halafu anatoa kwenye pochi ile mikate midogo ya hoteli, imefungwa kwenye karatasi laini, na mnakaa kwenye ngazi mnakula, anakusimulia habari za mgeni aliyepoteza jino la bandia ndani ya foronya. Mchana mama yako ni wa kila mtu: wa jirani, wa foleni ya maji, wa simu. Kwenye ngazi alikuwa wangu. Baadaye akawa wako.

Nadhani hilo ndilo lililokuliza Ijumaa, zaidi ya mlango.

Nilipofika kidato cha nne mama yako alisema mtihani wangu mkubwa, Nasra achukue simu. Nikakukabidhi. Na pamoja na simu nikakukabidhi ujuzi wangu wote: kaa upande wa dirisha darasani, tafuna ganda la ndimu, jibane kucha ya kidole gumba, mwalimu akigeukia ubao funga macho na ukisikia chaki imenyamaza yafungue. Nilikuwa najivunia mbinu hizo. Nilikufundisha kujifanya uko macho, na wewe mwanafunzi mzuri ukashika yote.

Nikadhani mimi sasa nitalala. Wapi. Saa ile ikifika macho yanafunguka yenyewe. Nalala kimya nakusikia unanyanyuka, unatafuta kandambili kwa mguu, kisha unaziacha na kwenda peku. Nilikuwa naweza kusema, "Lala, leo nakwenda mimi." Mara mbili tatu nilisema. Siku nyingi sikusema. Nilijiambia kwamba nimeshafanya zamu yangu. Hata mtihani ulipokwisha, nikawa sina skuli wala kazi, simu ilibaki chini ya mto wako, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wewe ulikuwa umeshaifanya yako, na mimi nilikuwa napenda isirudi.

Skuli wakaanza kukuita Popo. Uliniambia unacheka. "Leo wameniuliza nimening'inia mti gani." Nikacheka na wewe. Mwalimu wa Kiswahili akaandika kwenye ripoti kwamba unakaa darasani kimwili tu. Mama yako akaisoma akiwa amesimama, anafunga buibui kwenda kazini, akasema, "Mtoto huyu ana nini?" Hapo ndipo ningesema. Nilifungua kinywa. Akauliza yuko wapi kiatu chake cha kushoto, nikaenda kukitafuta.

Halafu ukalala kwenye mtihani.

Unakumbuka majirani walivyosema ni jini. Mtu aliyekula akashiba, hana homa, analala juu ya karatasi, kitu gani tena? Mama yako hakuamini sana wala hakukataa sana. Akaomba ruhusa kazini, tukaenda sote watatu kwa yule mwalimu wa Mtoni anayeandika makombe, zile aya za kuoshwa sahanini na kunywewa. Tuliposhuka ukatazama barabara, kituo cha mafuta, ukuta mrefu na mbuzi wawili, ukauliza, "Hapa ndipo bipu inapotoka?"

Mama yako akasema ndiyo.

"Basi hivi tu?" ukasema. Ulikuwa umevunjika moyo kweli. Sijui ulidhani Mtoni pakoje. Mimi pia nilikuwa nimepawazia miaka yote kama mahali penye mwanga.

Mwalimu alikuwa mzee mpole, ana sahani nyeupe na zafarani kwenye kikombe. Akauliza umri wako, kama unakula, kama unaumwa kichwa. Kisha akauliza, "Usiku analala saa ngapi?"

"Mapema tu, mwalimu," akajibu mama yako. "Nikirudi kazini anaamka kunifungulia, halafu analala tena."

Nasra, mimi katika nyumba ya watu hata maji siombi. Sijui nini kilinisukuma. Nadhani ni yule mtu ndani yangu aliyekwisha kupata kiti siku ya mtihani, akaona sasa hana cha kupoteza. Nikasema, "Haamki, Dada. Anakuwa hajalala."

Mwalimu akanitazama. "Na huyu nani?"

"Mama yangu mdogo," ukasema wewe.

Hukuwa unataka kitu. Ulisema tu. Nimeliweka hilo, na nikizeeka nitakuwa nalo.

Yule mzee akaweka kalamu yake ya mwanzi juu ya sahani. "Kombe ntaandika," akasema, "kunywa halidhuru. Lakini mrudishieni mtoto usiku wake kwanza. Jini gani atakaa kwa mtu asiyelala? Naye anataka kupumzika." Akacheka peke yake, akaandika.

Wewe ulikunywa, ukasema lina ladha ya biriani. Ukaenda kuwaangalia wale mbuzi. Mama yako na mimi tukakaa ukutani kungoja, na hapo ndipo aliponiuliza, "Kwa nini hukunambia?"

"Nilidhani unajua."

"Nnajuaje mimi? Mimi nafika, nagonga, mlango unafunguka. Ile bipu niliiweka ili mlale. Nilisema, wasinisubiri bure tangu isha, walale, simu ndiyo itawaamsha nikifika Mtoni. Nilijiona nimewafanyia jambo jema."

Nikamwambia, "Dada, anayengoja kuamshwa halali."

Hakulia. Alivua kiatu akakung'uta mchanga ambao haukuwemo, akakivaa, akakivua tena. Nakuandikia hili ulijue, kwa sababu kuna siku utakuwa mkubwa na utataka kumkasirikia. Umkasirikie ukipenda, lakini ujue kwamba kilichokuweka macho alikitunga kwa huruma. Alikuwa amekaa ndani ya lile gari, miguu imevimba, anahesabu vijiji, na anafurahi kwamba huko mjini wanawe wamelala mpaka yeye afike Mtoni.

Wiki ile ile alimwendea msimamizi wake kuomba abaki zamu ya asubuhi. Akaambiwa asubiri wageni wapungue, ndipo zamu zitakapopangwa upya. Shangazi yako aliposikia akasema, "Nipeni mimi mtoto wa kaka yangu. Huku kwetu hakuna mtu wa hoteli wa kungojwa, na skuli iko nyuma ya nyumba." Ndiyo habari yote ya safari yako. Hakuna mahali ndani yake palipo na neno kutupwa.

Sasa nije kwenye mlango.

Jumapili, wewe na mama yako mlipokwenda Darajani kutafuta viatu vya skuli, nilishuka chini. Nilisimama nje ya chumba cha Bi Zuwena kwa muda mrefu, mpaka paka wake akatoka kunitazama. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nikayasahau. Nikapiga hodi.

"Karibu. Nani?"

"Mimi, Asya. Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia? Ingia, usinisimamie mlangoni kama mdai kodi. Mwenye kuidai mie." Alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo. "Kaa. Sema."

"Nna neno."

"Liseme, halitokung'oa jino."

"Nasra anakwenda Makunduchi."

"Nshasikia. Kuta za nyumba hii nene, lakini masikio yangu marefu."

"Sasa mlango," nikasema.

"Mlango una nini? Msinambie kitasa."

"Si kitasa. Dada akirudi zamu ya jioni. Mimi nitakuwa nashuka, lakini Nasra hatoamini. Atakaa macho huko huko. Nilikuwa nataka kukuomba, kama hutojali, lakini usingizi wako, na wewe mtu mzima, na sisi tumekuwa tunakuamsha miaka yote hii, tunakwenda peku lakini bado tunakuamsha..."

Bi Zuwena akaweka mchicha chini. "Mnaniamsha mie?"

"Redio yako. Unalala inasema, na tukifika ngazi ya mwisho tunaisikia inazimwa. Tunajua tumekuudhi."

Alinitazama mpaka nikataka kuondoka. "Kwani nyie," akasema taratibu, "mnadhani mie nnalala? Tangu marehemu alipoondoka mimi usingizi wangu hauji mpaka nimeshasali alfajiri. Nnakaa na redio. Nnawasikia tangu mlipokuwa juu. Kwanza ulikuwa weye, unashuka kama paka aliyeiba samaki. Khalafu akaja huyu mdogo, huyu anazihesabu ngazi kwa mdomo."

"Sasa mbona unaizima?"

"Naizima msione haya! Nilisema, watu hawa wanashuka peku, hawawashi taa, hawataki ijulikane mama wa watu anaingia saa ngapi. Mwanamke hana mume, anarudi usiku, watu wana midomo. Nikasema niwasitiri. Nikisikia miguu nazima, najifanya nimelala."

Nikamwambia sisi tulikuwa tunakwenda peku ili yeye asiamke.

Nasra, sijawahi kumwona Bi Zuwena anacheka vile. Kanga ilimwanguka kichwani, ungo ukapinduka, mchicha wote chini. Kila akitaka kunyamaza ananitazama na kuanza upya. "Yarabi," akasema, anajifuta macho, "miaka yote hii! Mie niko macho hatua tatu kutoka mlangoni, na mtoto wa watu anashushwa ghorofa mbili. Kwa adabu! Adabu gani hii ya kuuana kwa usingizi?" Kisha akaacha kucheka, akasema kwa sauti nyengine, "Na mimi nilikuwa nataka mtu wa kumfungulia. Ukiwa peke yako usiku ni mrefu, mwanangu. Nyie hamkuniuliza tu."

Tulichambua mchicha ule pamoja. Sikuona haya hata kidogo, na nilipoondoka ndipo nilipogundua kwamba sikuona haya.

Tulikubaliana, yeye na mama yako na mimi, tusikwambie mpaka tuone kama jambo linawezekana. Tungekwambia, ungekaa macho kusikiliza kama Bi Zuwena anaamka. Simu niliichukua mimi chini ya mto wako, nikakwambia imeharibika chaji. Haijaharibika. Mama yako amerudi kutoka zamu ya jioni mara mbili wiki hii na wewe hukujua. Asubuhi moja ulimkuta jikoni anachemsha chai, ukashtuka, ukamwuliza, "Nani kakufungulia?" Akakujibu, "Mwenye mlango." Ukadhani anakutania.

Mara ya kwanza mimi nilikuwa macho, sikatai. Nilijilaza, mlango wa chumba nimeuacha wazi, nikasubiri. Nikasikia mlango unagongwa mara moja tu, pingo likaondolewa hapo hapo, na sauti ya Bi Zuwena: "Karibu, mlinzi mwenzangu. Chai iko kwenye chupa." Lakini pamoja na hayo nilisikia kitu kingine, na hicho ndicho ninachotaka uende nacho. Redio haikuzimwa. Ilikuwa inasema, ikaendelea kusema, mlango ukafunguliwa na kufungwa, nayo bado inasema. Sikumsikia mama yako akifika juu. Nililala kabla.

Wewe ulikuwa umelala mdomo wazi.

Nasra, huko utaamka. Usishangae wala usijilaumu. Mimi niliamka miezi mingi baada ya kuiacha simu, mwili ni mkaidi, ukishafundishwa kungoja unangoja hata kisichokuja. Ukiamka usiikimbilie saa na usianze kuhesabu vijiji. Simu usiitafute kwenye begi, haimo, iko juu ya kabati langu na haina chaji kweli sasa. Kumbuka tu kwamba redio ya Bi Zuwena iko wazi. Mimi limenitosha hilo siku hizi. Huenda wewe likakuchukua muda zaidi, nami sitakuharakisha.

Na ile saa yenu ya kwenye ngazi hatukuisahau. Mama yako ameniambia, na amenipa ruhusa ya kukuandikia, kwamba siku yake ya mapumziko kila wiki atakuja kwenu Makunduchi. Ameshamwambia shangazi yako asimpikie. Atakuja na ile mikate midogo na mtaila mchana, jua linawaka, na mgeni wa jino la bandia mtamrudia tangu mwanzo. Mimi nitakuja mara moja moja. Nitajifanya nimekuja kuona bahari.

Nimesimama kidogo kukutazama kabla ya kumaliza. Umegeuka, umemlalia mama yako mkono, ataamka una ganzi. Hakuna hata mmoja wenu anayengoja kitu. Sijawahi kuona hivyo mchana katika nyumba hii. Huzuni ya kesho ninayo, usidhani sina, nimeiweka kando kama sahani ya mtu anayechelewa kula. Lakini kwa sasa nina raha mpaka naogopa kukohoa.

Hilo nililoanza nalo, la kufurahi siku ya mtihani, libaki baina yetu. Mama yako asilijue. Ataniuliza kwa nini ilinibidi ningoje mpaka uanguke mbele za watu ndipo nifurahi kwamba wameona, na mimi sina jibu ila haya zangu, nazo si jibu. Akikuuliza mama mdogo amekuandikia nini, mwambie ni habari za sabuni. Bi Zuwena pia usimwambie, atanicheka mpaka amwage mchicha. Ukiona linakuelemea na lazima ulitoe, shangazi yako anajaza mito kwa sufi aliyoichuma mwenyewe. Uliseme kwenye mto, taratibu, halafu ugeuke upande wa pili ulale.

Mama yako mdogo,
Asya